Kambi ya Lushoto na ukoo mzima: choo, jiko, na mama mkwe analala wapi

Naanza na jibu kabisa la lile swali kama kambi ya mahema kule Lushoto inafaa kwa ukoo wenye watoto na wazee, maana wengi najua mnataka hilo tu. Ndio, kambi inafaa kwa watoto wadogo, na ndio, bibi anaweza kwenda, ila sio kwa zile sababu wenye kambi wanazozipigia picha. Picha zao zote ni jua linachomoza, kikombe cha kahawa na mzungu mmoja kakaa mlangoni mwa hema anatabasamu peke yake. Sisi tulikuwa kama kumi na nane ukihesabu na wachanga, mama mkwe wangu, baba yangu mdogo na mkewe, mawifi, mashemeji, na watoto kuanzia wa miezi nane mpaka wa darasa la sita. Na msafara wa hivyo mandhari utakuja kuyaangalia kesho yake, siku ya kufika unauliza choo kiko wapi, tunapikia wapi, na mama mkwe analala wapi. Kwa hiyo ntaisema kambi kwa mambo hayo matatu, mengine yatafuata yenyewe.

Jina la kambi naliacha. Kuna suala la bei ntalieleza huko chini na tulishalimaliza na mwenyewe, sina haja ya kumuanika.

Kwanza njia, kwa mnaotoka Dar. Sisi tulichukua Kosta ya kukodi, tukapita Bagamoyo tukatokea Msata, Segera, Korogwe mpaka Mombo, huko kote ni lami iliyonyooka na watoto wamelala. Shughuli inaanzia Mombo. Kutoka pale kupanda Lushoto ni kama kilomita 33 tu lakini ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja korongo upande wa pili, na mtoto aliyeshindiliwa chipsi mayai Mombo hatafika Soni nayo tumboni, hilo nakuhakikishia. Wape kitu kikavu kidogo, kata ndimu wanuse, mifuko iwe mkononi sio kwenye buti, na dereva awe anaijua ile barabara maana dereva wa mjini anapanda kwa kushtuka shtuka na breki ndo zinawatapisha watoto. Soni tulisimama, maporomoko unayaona hapo hapo karibu na barabara, wakapunga upepo rangi zikawarudi. Na hapo hapo Soni ndo utashtuka kwamba lile joto la Mombo limebaki chini, ukienda Juni kama sisi masweta yawe juu juu kwenye begi, sio chini ya masufuria.

Sasa mama mkwe.

Watu wanaouza kambi hawalifikirii hili kabisa na kwetu ndo jambo la kwanza. Familia ya watu wanne wanaingia hema moja wamemaliza. Ukoo haupangiki hivyo. Mume wa wifi yangu hawezi kulala hema moja na mama mkwe wake hata mngeweka mapazia saba, na hata mahema mawili yakisogeleana sana mzee atakohoa usiku kucha kwa aibu ya kukoroma. Bado asubuhi, mtu anatoka kuoga na taulo begani, mkwe wake naye anatoka na kanga, njia ni moja, wanakutana uso kwa uso kwenye nyasi. Mnacheka lakini nimeshaona safari imepooza siku nzima kwa jambo dogo hivyo.

Hii kambi imelitatua labda bila kujua. Kuna nyumba ya zamani ya matofali yenye vyumba vichache, kitanda cha kawaida, blanketi nzito mbili mbili na choo humo humo ndani, alafu uwanja wa mahema uko chini yake, unashuka ngazi za udongo zilizokingwa na magogo. Wazee wote tukawaweka juu. Wakweze wakakaa chini na njia yao na bafu lao. Mama mkwe akawa anakaa kibarazani na kiti chake anatuona wote, anaita watoto kwa majina, anauliza nani kamvua yule mtoto soksi, akichoka anaingia ndani anafunga mlango. Kwangu mimi hapo tu kambi ilishajilipa. Kambi zingine nilizopigia simu zilikuwa ama mahema matupu, ama vyumba vya bei ya watalii kwa dola. Mchanganyiko wa vyumba na mahema kwenye kiwanja kimoja ni adimu, mkiupata msiulizane mara mbili.

Choo. Viko sehemu mbili, cha juu karibu na nyumba ni kizuri, cha kukaa, maji yapo, wanasafisha asubuhi na jioni na nilimuona dada akisafisha kweli sio kupitisha dekio. Cha chini kwenye mahema ni cha kuchuchumaa, nacho kisafi, ila HAKINA TAA. Kuna waya umening'inia na soketi haina balbu, nikauliza siku ya kwanza nikaambiwa fundi anakuja, mpaka tunaondoka fundi alikuwa bado anakuja. Kwa mtu mzima sio shida, washa tochi ya simu twende. Kwa mtoto wa miaka minne saa nane usiku, baridi, miti inalia, anaambiwa achuchumae juu ya tundu jeusi, hapo hata umbebe haendi. Kwa hiyo beba poti, na ndoo ndogo yenye mfuniko ikae kwenye kile kibaraza cha hema. Pampasi nazo mfuko wake wa peke yake na mnarudi nao mjini, shimo la taka la kambi ni la kuchoma na pampasi mbichi haiungui inatoa moshi tu unawarudia wenyewe.

Maji ya moto wanachemsha kwenye pipa kwa kuni, unaletewa kwa ndoo mlangoni mwa bafu. Watoto waogesheni saa tisa saa kumi jua likiwa bado lipo. Likishaingia nyuma ya mlima baridi inashuka yote kwa mkupuo na hakuna mtoto atakayekubali kuvua nguo tena, na kwa kweli hata mimi sikukubali.

Jiko ni la kumi kwa kumi. Banda limeezekwa bati, mafiga makubwa, kuni za kutosha zimo kwenye bei, karo lenye bomba, na kabati la sufuria zile za shughuli kabisa, za pilau ya watu thelathini, mnaazima bure mnarudisha zimesuguliwa. Vitu vya kupika msibebe Dar zaidi ya mchele na viungo. Sokoni Lushoto karoti, kabichi, hoho, viazi, maparachichi yanakaribia kuwa ya bure kwa bei tuliyoizoea Dar, nyama ipo, maziwa mabichi mlinzi anawaletea kwa dumu kutoka kwa jirani mchemshe wenyewe. Na ukifika Irente, nje kidogo ya mji, kuna ile shamba ya Walutheri wanatengeneza jibini, jemu na mkate, chukua jemu, watoto wangu waliimaliza na kijiko kabla hatujapata mkate wa kuipakia.

Ila kuna jambo niliseme kama mwanamke. Kwenye hizi safari za ukoo wanaume wanaenda kupumzika, wanawake tunaenda kupika mahali penye baridi. Siku ya kwanza kutwa nzima sisi tulikuwa kwenye lile banda, chai, mchana, uji wa watoto, usiku, vyombo. Shemeji wakatangaza wao watachoma nyama. Kuchoma kwenyewe ni kusimama na koleo, nyanya za kachumbari tukate sisi, ndizi tumenye sisi, chumvi iko wapi waulize sisi. Jioni wifi yangu mkubwa akachukua karatasi ya boksi la maji akaandika zamu, akaanza na baba mdogo mwenyewe, na mama mkwe akiwa kibarazani akasema isomwe kwa sauti. Kesho yake uji ukapikwa na wanaume. Ulikuwa na madonge, watoto wakaunywa, hakuna aliyekufa. Andikeni zamu kabla hamjapanda gari.

Mahema sasa, hapa nina mengi. Tulikuwa na ya aina mbili, ya kukodi kambini na moja letu tulilonunua Kariakoo, boksi limeandikwa watu 8. Hao watu 8 kiwanda kinawahesabu nusu mita na kidogo kila mtu, wamelala chali wamenyooka, hawana begi, hawana mtoto, hawageuki. Kwa familia gawa kwa mbili, ya 8 inalaza wanne na mizigo yao, na watoto wadogo msiwahesabu nusu maana mtoto wa miaka mitatu akilala anachukua nafasi kuliko baba yake. Kitu cha pili kwenye lile letu, turubai la nje ni fupi, linafunika kichwa tu mbavu zinabaki wazi. Mvua haikunyesha lakini umande wa Lushoto haufai, na humo ndani pumzi za watu zinageuka maji zinashuka ukutani, asubuhi begi lililoegemea pembeni limelowa chapachapa na mtoto aliyelala ukutani mgongo umeloa. Sio kwamba hema linavuja. Acheni vile vidirisha vya juu wazi hata kama mnahisi baridi ndo inapitia hapo, na kitu chochote kisiguse ukuta.

Ya kukodi kambini ni ya zamani, rangi imepauka, zipu ya moja ilikuwa inakataa mpaka uipake mshumaa, lakini turubai la nje linafika chini kabisa na limekaa mbali na la ndani, tuliolala humo tuliamka wakavu. Kwa hiyo hema zuri kwa macho lilishindwa na kuukuu. Kama hamna hema msinunue kwa ajili ya safari moja, kodini kwao, muombe tu mjaribu zipu zote kabla hamjalipa.

Na chini ya kulalia, jamani. Watu wanabeba blanketi za kujifunika kumi alafu chini wanatandika lile godoro la kujaza upepo. Baridi inatoka ardhini, ile hewa iliyomo humo ndani inapoa na wewe unapoa nayo. Sisi mlinzi alitupatia maboksi yaliyokunjuliwa tukatandika kwanza, juu mkeka, juu ya mkeka godoro la sponji la inchi tatu, ndo shuka. Watoto walilala hadi wakasukuma blanketi. Mji wenyewe uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na kambi iko juu zaidi ya hapo, Juni na Julai ndo kipupwe chenyewe, kwa hiyo kofia ya sufu ya kulalia kwa mchanga sio urembo.

Hili lifuatalo lisomeni polepole. Usiku wa kwanza mama mdogo akataka jiko la mkaa liingizwe kwenye hema la watoto lipashe moto kidogo, alafu litolewe. Nia njema kabisa, ndo tulivyolelewa wengine wetu. Mlinzi akakataa, akasimama mlangoni mwa hema na kofia mkononi, akamwambia "mama unisamehe, hilo hapana, hata dakika moja." Mama mdogo akakasirika, kijana kumkatalia mtu mzima. Lakini yuko sahihi asilimia mia. Mkaa unaowaka kwenye kijumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, hukohoi, huumwi koo, unasikia usingizi tu na kichwa kizito, na watoto ndo inawawahi. Hata mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hauna moshi bado inatoka, tena hapo ndo watu wanadanganyika. Wakatupatia chupa za maji ya moto badala yake, zile chupa ngumu za plastiki, unafunga vizuri, unavisha soksi, unaweka miguuni. Kambi ambayo mfanyakazi wake anaweza kumkatalia mteja kwa jambo kama hilo mimi naiheshimu kuliko yenye bwawa la kuogelea.

Huyo huyo mlinzi ndo alituokoa na siafu. Jioni, watoto wanacheza kombolela, mmoja akaanza kupiga kelele anajikuna mapajani, kucheki mstari wa siafu umekatiza uwanja unaelekea moja kwa moja kwenye hema la pili. Sisi wa mjini tukaanza kuita dawa ya kupuliza. Yeye hakusema kitu, akaenda jikoni akarudi na karai la majivu, akamwaga kuzunguka hema duara zima bila kuacha mwanya, alafu akaufuata mstari kinyume mpaka ulikotokea, akatuambia hema lile lihame hatua chache, hili libaki. Mtoto alivuliwa nguo zote akachomolewa mmoja mmoja, wale hawapanguswi, wanang'ang'ania na meno. Asubuhi mstari ulikuwa umeondoka. Muombeni majivu mapema, msisubiri.

Matembezi sitasema mengi. Irente kwenye lile jabali la kuangalia nyika chini, kutoka mjini ni kilomita tano na kitu, wakubwa wanatembea, wadogo na wazee wapande gari. Pazuri mno, unaiona Mazinde kule chini na barabara kama uzi, lakini ni jabali kweli na chini yake hakuna kitu, mtoto mmoja mtu mzima mmoja, mkono kwa mkono, na picha ipigwe mmekaa. Sisi tulikaa pale dakika chache tu maana roho yangu haikutulia. Msitu wa Magamba ulikuwa bora kwa watoto, kuna kivuli, njia ni pana, wenye nguvu miguuni walisikia mbega wakiunguruma kwenye miti na kuwaona, weusi wenye lile koti jeupe refu, wakiruka.

Lakini kilichowateka hakikuwa mbega wala jabali. Kijana wa pale kambini aliwaonyesha kinyonga kwenye ua wa nyuma ya jiko, dume lenye pembe mbili puani zimechongoka mbele, kijani na buluu, jicho moja linaangalia watoto jingine linaangalia nzi. Mama mkwe alikataa asisogezwe karibu na watoto, kinyonga ni mkosi, anakuchafua nyota. Kijana akamueleza kwa upole kwamba hawa wa pembe mbili wapo kwenye hii milima ya Usambara huku, watu wanatoka Ulaya kuja kumuangalia huyu aliyeko nyuma ya jiko. Bibi akanyamaza, akaomba aletwe ila asishikishwe. Watoto walikaa pale wakisubiri atoe ulimi. Alitoa, nzi akaisha, kelele zake mpaka chai ikamwagika. Usiku wakaanza kugombea kulala chumbani kwa bibi ili wakamsimulie tena kitu alichokiona kwa macho yake, na yeye akawalipa kwa paukwa pakawa mpaka moto ukawa majivu.

Bei. Kwenye simu niliambiwa chini ya miaka mitano bure. Tumefika, dada wa mapokezi anahesabu vichwa, anamuhesabu hata wa miezi nane aliyeko mgongoni, anasema huo utaratibu ulibadilika. Ubadilike lini, mama, simu nimepiga wiki iliyopita? Baba mdogo akataka tugeuze gari, saa kumi na moja jioni, watoto wamechoka. Mwenyewe alipopigiwa akaja, tukakaa, nikamuonyesha meseji maana nilikuwa nimeomba wanithibitishie kwa maandishi, akaisoma, wachanga wakatoka kwenye hesabu na wa miaka mitatu minne wakalipa nusu. Sio mtu mbaya, ofisi yake haiongei na simu yake. Lakini bila ile meseji tungelipa. Na kuni, maji ya moto, sufuria, uliza kila kimoja kimo au hakimo, kwa meseji, alafu usiifute.

Nawapa nne kati ya tano. Moja naitoa kwa ile taa ya chooni na usumbufu wa mapokezi kwa pamoja.

Kwa mnaotaka kwenda likizo ya Juni, vyumba ndo vinaisha kwanza, mahema yapo siku zote. Kwa hiyo piga simu uwawekee wazee vyumba, vikipatikana ndo uwaambie ukoo tarehe. Na Kosta wambie iwaache mjini kama kumenyesha jana yake, kile kipande cha mwisho ni udongo mwekundu, inateleza, bodaboda na Noah za pale zinakipanda bila shida na bei yake mnaelewana hapo stendi.